Vigingi Vilivyonyooka Mno

Mtu mwingine akiingia nyumbani kwa watu husalimu kwanza. Mwanamke huyu ninayekusimulia, yeye huangalia kuta. Atasimama mlangoni, macho yapande kona hadi darini, yashuke, yazunguke dirisha, na wenyeji wamekaa pale na "karibu" yao mdomoni wanangoja amalize. Ndipo atoe shikamoo. Hana dharau hata chembe, jamani, ni kazi imemwingia damuni. Basi watu wakambandika jina la Mama Nyufa, nalo likamganda kuliko lile la cheti cha kuzaliwa.

Kazi yenyewe ni kuchora ramani za maporomoko ya ardhi. Anapanda milima na fimbo, mkoba wa turubai na kifaa kidogo cha kupimia mwinamo, akitafuta dalili ambazo wewe na mimi tungezipita tukipiga soga. Mti uliojipinda shinani. Chemchemi iliyohama. Njia ya miguu iliyokatika na upande mmoja ukashuka. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri mwaka jana na sasa unagoma. Halafu anarudi ofisini na matope hadi magotini, anatandaza karatasi juu ya meza kubwa, anazibana kwa mawe aliyookota huko huko, anapaka rangi. Kijani maana yake kaeni. Njano, kaeni lakini macho wazi. Nyekundu, hameni.

"Milima inatembea," huwaambia watu. "Inatembea polepole, na siku ikiamua kukimbia haipigi honi."

Anaipenda kazi hiyo, wallahi. Mumewe ni kinyozi, mtu wa utani, na huwa anamwambia, "Mimi nikikosea, nywele zitaota tena. Wewe ukikosea, mke wangu, nani ataota?" Wanacheka, na mara nyingi mke ndiye anayeacha kucheka kwanza.

Sasa ngoja nikupe habari za baba mkwe wake, maana bila huyo hakuna hadithi.

Baba mkwe ni muashi mstaafu, na mtaa mzima unamwita Fundi Timazi. Timazi ni ile risasi inayoning'inizwa kwenye uzi ili fundi ajue ukuta wake umesimama wima. Yeye hahitaji risasi, jicho lake linatosha. Kitu kikipinda anaumwa. Ukimwalika kwako atakurekebishia saa ya ukutani kabla hajakaa. Alipolazwa hospitali na homa, nesi alimkuta anasukuma vitanda vya wenzake, na wagonjwa wamo ndani, ili vikae mstari mmoja. Nyumba yake aliijenga kwa mikono yake, yeye upande mmoja wa uzi na mkewe upande wa pili. Kila mstari wa matofali, mkewe ndiye aliyeshika ule mwisho mwingine, na kuuvuta, na kusema, "Sawa, endelea." Mama wa watu ametangulia mbele ya haki. Tangu hapo mzee akinyoosha uzi hufunga ule mwisho mwingine kwenye msumari. Watoto wake walijitolea kumshikia, akawaambia msumari unatosha.

Siku Mama Nyufa alipopelekwa ukweni kwa mara ya kwanza, kila mtu alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Yeye akasimama sebuleni, macho juu ya ukuta. Wifi yake, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki, akamnong'oneza kaka yake, "Umetuletea mke au umetuletea mkaguzi?"

Mzee akauliza, "Unatafuta nini, mwanangu?"

"Ufa, baba."

"Hutauona."

"Kweli siuoni." Na akaongeza, hajui hata kwa nini, "Kona hii ni mraba kabisa."

Mzee alimtazama mwanawe, akamtazama bibi harusi, akasema, "Huyu ndiye." Ndoa ikawa imeshapita, iliyobaki ilikuwa chai.

Basi shida ikaja kwa njia ya ofisini. Mkuu wake, mzee mpole anayekunywa chai isiyo na sukari na kuinunia kila siku, alimwita kwenye meza kubwa. Juu yake kulikuwa na picha ya mlima iliyopigwa kutoka angani. Ukiitazama kwa jicho la mazoea unaona mlima. Mama Nyufa aliona kovu: mwinuko mkali juu kama umekatwa na kijiko, na chini yake tumbo la ardhi lililoshuka zamani, kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote, likatulia. Juu ya tumbo hilo kulikuwa na mtaa. Na kwenye safu ya chini ya mtaa, bati jekundu lililoonekana lilikuwa la Fundi Timazi.

"Tunataka ramani kabla ya mvua," mkuu alisema. "Swali ni moja tu, kovu hilo limelala au linatembea. Nikiona ni vigumu kwako, nitampa mwenzako."

"Nipe mimi," alisema.

Njia ya kujua ni rahisi, hata mtoto ataielewa. Unapanda vigingi katika mstari ulionyooka, kuanzia mwamba mgumu wa upande huu, kukatiza mteremko, hadi mwamba mgumu wa upande ule. Miamba haiendi popote. Ardhi ya katikati ikiwa inashuka, itashuka na vigingi vyake, na mstari utajikunja kama tumbo la kamba ya nguo. Kila mwisho wa mwezi unakuja na uzi, unautandaza kutoka mwamba hadi mwamba, unapima.

Alivipanda nyuma ya nyumba za safu ya chini. Mzee akatoka na kiti chake kutazama.

"Hivi ni vya nini, mwanangu?"

Hapa sasa. Mwanamke huyu amewahi kuwaambia matajiri wahame kwenye majumba yao, na hakutetemeka. Lakini huyu alikuwa baba mkwe. Utamwambiaje baba mkwe wako kwamba umekuja kuangalia kama utamfukuza kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu?

"Ni vya kazi, baba. Naomba tu unitunzie, visije vikaharibika."

"Vitatunzwa," mzee alisema. Akavitazama kwa upendo. Vilikuwa vimenyooka sana.

Mwezi wa kwanza, uzi ulipita juu ya kila kigingi bila kuachana hata kwa unene wa ukucha. Mwezi wa pili, vile vile. Wa tatu, wembe ni ule ule. Mama Nyufa alishuka mteremko ule akiimba. Kovu limelala! Wifi alipika, majirani wakaanza kumpungia mikono kutoka madirishani, na mmoja akaanza kuongeza chumba. Hata mkuu alitia sukari kwenye chai siku hiyo. Mkutano wa wakazi ukapangwa, na kalamu ya kijani ikachongwa.

Lakini mtu wa kazi ana mdudu wake kichwani. Kila aliposhika ile kalamu, mdudu aliamka. Mbona geti la jirani lilikuwa limeanza kukwaruza chini? Mbona miti ya safu ya katikati imejipinda upande mmoja, yote? Mbona nyuma ya nyumba ya mwisho kumelowa na ni kiangazi? Alimweleza mumewe pale kinyozini, katikati ya wateja, na mteja mmoja kichwa nusu kimenyolewa akageuka kusikiliza.

"Vigingi vinasemaje?" mumewe aliuliza.

"Vimenyooka."

"Basi si umefurahi?"

"Vimenyooka mno," alisema. "Hata mlima uliolala hugeuka kidogo. Hivi havijageuka hata kidogo. Mimi mwenyewe sikuvipanda vimenyooka hivyo."

Kinyozi akazima mashine. "Nenda kaangalie leo, usingoje mwisho wa mwezi."

Akaenda. Jua lilikuwa linawaka, nguo zimeanikwa, wifi anapiga cherehani kibarazani. "Baba yuko nyuma," alisema bila kuinua macho, "anafanya kazi yako."

"Kazi yangu?"

"Si ile ya vigingi vyenu."

Alizunguka nyumba. Fundi Timazi alikuwa amepiga goti kwenye mteremko, kofia imegeuzwa nyuma, uzi umefungwa kwenye msumari wa mwamba huu hadi mwamba ule, nyundo mkononi. Alikuwa anang'oa kigingi cha katikati. Akakisogeza juu. Akafumba jicho moja. Akakigonga taratibu, tena, akapuliza vumbi, akarudi nyuma kukitazama, na uso wake ulikuwa na raha tupu.

"Aa! Leo umeniwahi," alisema. "Nilitaka ukute tayari. Mwezi huu vimenipa kazi, nakwambia."

Mama Nyufa alikaa chini pale pale, kwenye majani. "Baba. Huwa vinapinda?"

"Kila mwezi! Sijui ni kuku, sijui ni watoto na mpira. Vya pembeni havina neno, watulivu kabisa. Ila hivi vya katikati ni watundu, vinashuka. Nami navirudisha. Uliniambia nikutunzie, sikuweza kukuacha uje na wakubwa wako wakute mstari umelegea kama mkanda wa mlevi. Wangesema mkwe wa Fundi Timazi hajui kunyoosha."

"Vinashuka kiasi gani?"

Mzee akafungua kiganja chake kipana cha muashi, akaonyesha. "Hivi, kwa mwezi. Mwezi huu na vidole juu yake."

Kiganja kwa mwezi! Na mkutano ni kesho, na kalamu ya kijani imechongwa. Halafu, sijui ni nini kilimpata, akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mzee naye akaanza kucheka kwa kumfuata, bila kujua anacheka nini. Wifi akachungulia kona ya nyumba. "Mmekula nini?" aliuliza. Ndipo kicheko kikageuka, na machozi yakabaki peke yake.

"Baba, nimekukosea," alisema. "Nilipaswa kukwambia siku ile ile, nikaogopa. Vigingi hivi havikupandwa ili vinyooke. Vilipandwa ili vipinde kama mlima unatembea. Umekuwa ukiurudisha mlima mahali pake kila mwezi, ili mimi nisiuone."

Mzee aliutazama uzi wake. Aliitazama nyundo. Jogoo wa jirani aliwika bila sababu, kama kawaida ya majogoo.

"Na kama unatembea," alisema hatimaye, "nyumba?"

"Nyekundu, baba. Safu yote ya chini."

Alisimama, akapangusa magoti, akaingia ndani. Wanawake wakatazamana. Wakasikia kabati linaburutwa chumbani, kisha patasi na nyundo, ko, ko, ko, na lipu inamwagika sakafuni.

"Njooni muone," mzee aliita.

Nyuma ya kabati, kutoka sakafuni hadi dirishani, kulikuwa na ufa wa kuingiza vidole vyote. Juu yake palikuwa na lipu mpya, na chini yake lipu nyingine, na nyingine, imepigwa kwa ustadi mtupu.

"Nimekuwa nikiuziba tangu mama yenu aondoke," alisema. "Maisha yangu yote nimewaambia vijana wangu wa kazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba. Ukarudi. Nikaziba. Kila nilipopiga lipu nilijiambia ni saruji mbovu ya siku hizi." Akaupapasa ule ufa kwa kidole gumba. "Sikutaka nyumba yake ipasuke mikononi mwangu."

Mama Nyufa alitaka kumshika mkono, akakumbuka ni baba mkwe, kisha akaushika hivyo hivyo. Mzee hakuutoa.

Mkutano wa kesho yake ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, watu wamejaa hadi madirishani, kila mmoja amekuja kusikia kijani. Mama Nyufa alipobandika ramani na ule wekundu ukaonekana, zogo lililozuka hapo usiniulize. Si mlituambia ni salama? Yule aliyekuwa anaongeza chumba ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na alikuwa na haki yake. Mama Nyufa alifungua mdomo, sauti yake ikafunikwa na makelele.

Ndipo mlio wa kiti ukasikika. Fundi Timazi alisimama. Kwanza alinyoosha ramani, kwa sababu ilikuwa imebandikwa upande. Kisha akawageukia.

"Mkosaji ni mimi," alisema. "Mlima umekuwa ukipinda vigingi, mimi nikivinyoosha. Mnanijua."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Tunakujua, Fundi, wewe ulininyooshea hata mbwa wangu akiwa amelala," na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wale wenye hasira wakicheka kwa hasira. Kilipopoa kidogo, mzee akaendelea.

"Nyumba yangu ndiyo ya kwanza kwenye safu. Mnajua nimeijenga na nani. Nilisema nitatoka pale nimebebwa. Basi nafuta kauli. Kesho nang'oa milango yangu. Mwenye kutaka fundi wa bure kule kwenye uwanda wa juu, nyuma ya shule, ambako mkwe wangu amepaka kijani, anajua nyumba ya kugonga. Kwa sasa bado ina mlango."

Wakahama. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi, watu walibeba vitanda, mabati, kuku, mashine ya kusaga, na kila kitu kilibebwa kwa maneno mengi. Lakini ilikuwa na raha yake. Kinyozi aliweka kiti chake chini ya turubai akawa ananyoa wabebaji mizigo. Wifi alishona mapazia ya nyumba ambazo hazijapata madirisha. Mama Nyufa na wenzake walichimba mtaro juu ya kovu ili kupunguza maji, na kila jioni mzee alipita kuukagua, akitikisa kichwa, maana waliuchimba wakifuata umbile la mlima, na umbile la mlima, jamani, si mraba.

Mvua ikaja. Ilinyesha, ikanyesha, na asubuhi moja, watu wanakunywa chai, wakasikia ngurumo isiyo ya mawinguni. Walikimbilia ukingo wa uwanda. Kule chini mteremko ulikuwa unaondoka wote kwa pamoja, miti imesimama juu yake kama abiria, kisha ikaanza kulala mmoja mmoja. Safu ya chini ilikwenda. Bati jekundu lilikunjika, kuta zikazama kwenye tope. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani. Mama Nyufa aliwahesabu majirani wote waliosimama naye, akarudia, machozi na mvua vinamchanganyikia usoni. Wote walikuwepo.

Hakuthubutu kumtazama baba mkwe. Ndipo akasikia mzee anapiga ukelele.

"Kona yangu! Mnaiona kona yangu?"

Katikati ya tope, kipande kimoja cha nyumba kilikuwa kimeteremka mlima mzima bila kuvunjika. Ilikuwa kona ya sebuleni, kuta mbili zimeshikana, imesimama pale chini imeelemea kidogo.

"Imeshuka bondeni na bado ni mraba!" mzee alisema, anacheka na kulia pamoja. "Tulijenga, mke wangu! Tulijenga!"

Na uwanda mzima ukashangilia kona ile kama timu imefunga bao.

Siku hizi, nyuma ya nyumba mpya, kuna mstari mwingine wa vigingi, wa tahadhari tu, na mlinzi wake anajulikana. Watoto hawavikaribii. Wiki iliyopita Mama Nyufa alikuja kusalimu, akatazama kuta kwanza, kama kawaida yake. Akamkuta mzee nyuma, amesimama mbele ya kigingi cha tatu, mikono ameifunga mgongoni, jasho linamtoka. Kigingi kilikuwa kimelala upande.

"Kiko hivyo tangu juzi," mzee alisema. "Sijakigusa. Nimeshindwa kula vizuri, lakini sijakigusa. Mlima unasemaje?"

Mama Nyufa aliinama. Akapima, akakagua udongo, akaangalia vile vingine. Kisha akaona alama ya kamba kwenye shingo ya kigingi, akageuka kutazama nguo zilizoanikwa uani, na shuka la kinyozini katikati yake.

"Mlima haujasema kitu, baba. Huyu ni mwanao, alifunga kamba ya nguo hapa."

"Nilijua ni yule mpumbavu," mzee alisema. Akakohoa. "Kwa hiyo sasa... naweza?"

"Kinyooshe, baba."

Uzi ulikuwa mfukoni tayari. Aliufungua haraka, akatafuta msumari mfuko wa kulia, akatafuta wa kushoto. Kisha akaacha kutafuta, akamnyooshea Mama Nyufa ule mwisho mwingine.

"Shika huku, mwanangu."

Akaushika. Akaenda nao hadi mwambani, akauvuta ukakaza, na mzee akafumba jicho moja, akangoja.

"Sawa," Mama Nyufa alisema. "Endelea."